Jani Juu ya Kamera ya Thelathini na Moja

Siku ya kusogeza saa naipenda kuliko sikukuu yoyote, na sioni haya kulisema. Kamera arobaini, saa sita za kazi, kidole kimoja. Mamlaka ya Ushoroba ina macho yake angani na vyombo vya kila namna, lakini mwezi wa tisa ukifika na Shirikisho likitangaza Saa ya Jua, hakuna chombo cha angani kinachoweza kuisogeza saa ya kamera hata moja. Ni lazima niende mimi, Leokadia Semvanda, fundi wa kamera wa Lyasongoro, mwenye goti bovu na ulimi mkali.

Watu wa mjini hawajui raha hii. Kwao saa husogea yenyewe. Mtu anaamka Jumapili, simu imeshaongeza saa moja, anapiga miayo, anailaumu serikali kwa kumwibia usingizi, basi. Nchi nzima inakula umeme wa jua, kwa hiyo sheria inataka pampu na viwanda vimalize kazi jua likiwa bado juu, na mambo huishia hapo. Kamera zetu za ushorobani, kwenye mapito ya tembo, ni habari nyingine. Zamani majangili walizidanganya kwa redio, zikaonyesha mchana ni usiku na usiku ni mchana, tukapoteza tembo kumi na tisa kwa msimu mmoja. Tangu hapo zilizibwa masikio. Hazisikii amri ya hewani. Kila moja imo ndani ya sanduku la chuma, na sanduku linataka mihuri miwili, inayochomekwa kama funguo: wa kwanza unafungua, wa pili unafunga. Watu wawili, ili mmoja akikosea mwingine amwone.

Mwenzangu wa muhuri ni Gaudensi Chengula. Ni fundi hodari, ana mkono mwepesi, hana maneno mengi. Tatizo ni kwamba amemwoa mwanangu Kresensia.

Kwetu mama mkwe na mkwewe hawatazamani usoni. Hawaitani majina, hawali sahani moja, hawaongei isipokuwa kwa kupitia mtu wa tatu, na mtu akikosekana, kitu. Hapa namwandika jina kwa sababu karatasi haina aibu. Mdomoni sikuwahi kulitamka. Mamlaka ilitupanga pamoja kwa kupima ufundi wetu na umbali wa nyumba zetu. Ukwe haikuupima. Nasi tungekwenda kulalamika kwa nani, na kwa maneno gani?

Basi tukatafuta njia yetu. Yeye hutangulia. Anafika kwenye sanduku, anachomeka muhuri, linafunguka, anaondoka hatua thelathini na kunipa mgongo. Nami nafika, nabonyeza mara moja kuongeza saa, nasoma kwa sauti saa iliyoandikwa ili kamera inirekodi, nailinganisha na saa yangu, nachomeka muhuri wangu, nafunga. Miaka minne tumefanya hivyo, saa za mwezi wa tisa na saa za mwezi wa tatu, na hatujawahi kugongana hata kivuli.

Jumapili hiyo tulianza saa nne asubuhi, wakati tembo wanalala vivulini na kamera hazina kazi. Jua lilikuwa kali, mimi nikiimba. Kamera ya kwanza mpaka ya ishirini na nane tulikwenda kama maji. Kisha tukaanza kupanda mstari wa machweo, kamera kumi na mbili za mwisho, kwenye mawe, na goti langu likakumbuka umri wake. Mkwe akanitangulia mbali sana. Saa kumi masanduku yangejifunga yenyewe, tumalize tusimalize.

Kwenye sanduku la ishirini na tisa nikakuta kijitawi cha mkwaju juu ya kifuniko. Nikakipangusa. Kanuni ya kwanza ya fundi: kamera haivai majani. Nikabonyeza, nikasoma, nikafunga. Kwenye la thelathini tena kijitawi. Nikaulaani upepo, nikapangusa. La thelathini na moja vilevile. Saa yangu ya mkononi ilikuwa mfukoni kwa sababu mkanda ulikatika, na kila nilipotaka kuitoa nikajiambia, Leokadia, saa unayo kichwani, panda. Nikawa nasoma kama mwalimu anayeita majina ya darasa, midomo inatamka, akili iko kwenye goti. La arobaini nililifunga dakika tatu kabla ya saa kumi, nikapiga kigelegele peke yangu juu ya jabali. Huko chini mkwe aliinua mkono bila kugeuka.

*

Asubuhi ya Jumatatu, saa moja kamili kwa saa mpya, kipaza sauti cha kijiji kikalia.

"Njia ya watu iko wazi," akasema Karani kwa ile sauti yake isiyo na mate. "Wazi mpaka saa mbili. Tembo wanatarajiwa saa mbili na nusu. Mwende salama."

Karani si mtu. Ni mtambo, na ndiye anayeamua nani apite ushorobani na saa ngapi. Zamani waliamua watu, na kila mkubwa mwenye gari alipiga simu afunguliwe njia. Sasa hakuna wa kupigiwa. Karani hasikilizi maneno. Anasikiliza kamera tu. Kila usiku wa manane kamera humtumia picha za siku nzima, naye anazisoma, anahesabu, anapanga. Kandokando ya njia ya watu ziko nguzo za nyuki, zinazotoa mngurumo wa mzinga uliochokozwa na harufu ya pilipili, na hakuna tembo atakayezisogelea zikiimba. Ila tembo si mjinga. Zikiimba kutwa atazizoea, kwa hiyo Karani huziimbisha pale tu anapojua wako karibu.

Wanawake walifurahi hata wakacheza. Kila mwaka juma la kwanza la Saa ya Jua huwa la mateso kwao: pampu zinaanza saa moja mpya, lakini wao wanazuiwa mpaka tembo wapite, wanafika kwenye mashamba ya vitunguu maji yameshagawiwa. Leo njia ilifunguliwa mapema. Kresensia alipita mlangoni kwangu na jembe begani, mimba ya miezi saba ikiwa imemtangulia.

"Mama, leo tumependelewa! Mpaka jua lichome nitakuwa nimemaliza matuta yote."

"Usiiname sana," nikamwambia. "Mjukuu wangu si kitunguu."

Akacheka, wakaondoka, wanawake kama sitini, wanaimba. Nikakaa na kikombe cha uji. Nilikuwa na furaha. Nilikuwa najipongeza, kusema kweli, nikiona kazi ya mikono yangu imemfanya hata Karani awe mkarimu.

Nikakiweka kikombe chini.

Miaka tisa ya kazi hii, sijapata kuona njia ya watu ikitangulia tembo juma la kwanza. Tembo hawasogezi saa. Jua lao ni lilelile. Kwa nini leo wachelewe?

Nikakumbuka jana jioni. Nilikuwa nasonga ugali nikasikia matawi yanavunjika upande wa machweo, ndiyo Matroni na kundi lake wanateremka kwenda mtoni. Matroni ni tembo jike mkubwa mwenye sikio lililochanika, tulimwita hivyo kwa sababu anavyowapanga wenzake unadhani anapeleka wanafunzi bwenini. Walipita, nikaepua ugali, nikala, nikaosha sufuria. Ndipo nikawasha redio kusikiliza taarifa ya habari ya saa mbili. Kwa hiyo Matroni alipita saa moja na nusu. Hilo ningeweza kuliapia.

Nikachukua kibao changu cha kazi, nikafungua picha za jana. Kamera ya thelathini na moja: Matroni, sikio lake, mtoto wake ubavuni. Chini ya picha imeandikwa saa mbili na nusu usiku.

 Matroni hukaa mtoni kwa muda wa saa kumi na mbili, hazidishi, hapunguzi. Karani alichukua saa mbili na nusu usiku, akaongeza kumi na mbili, akapata saa mbili na nusu asubuhi. Hesabu safi. Lakini Matroni angerudi saa moja na nusu, kwa njia ileile, na kuvuka ushoroba kwa miguu ni dakika arobaini. Saa moja na nusu mwanangu angekuwa katikati, na nguzo zikiwa kimya.

Nikafungua kamera ya thelathini. Imezidi saa moja. Ya ishirini na tisa, imezidi. Zote kumi na mbili za mstari wa machweo, zile anazopita Matroni tu, zilikuwa mbele kwa saa nzima. Zilisogezwa mara mbili.

Vijitawi vya mkwaju!

Baba yake Gaudensi alikuwa dereva wa lori. Hata mtoto wa chekechea anajua: ukikuta majani barabarani, mbele kuna gari limeharibika, simama utazame. Kijana wa watu aliniona nachechemea, akanihurumia, akanibonyezea mwenyewe ili mimi nifike kufunga tu. Kusema nami hawezi. Akaniandikia kwa lugha ya barabarani, mara kumi na mbili: mama, simama, hapa kuna jambo. Nami nikapangusa mara kumi na mbili.

Ilikuwa saa moja na dakika kumi.

*

Simu hazishiki ndani ya ushoroba. Minara ilizimwa makusudi ili majangili wasiitane. Karani hapokei maneno. Ilibaki kamera yenyewe, na kamera ya thelathini na moja, iliyo juu ya kilima kinachotazama njia ya watu, iko kilomita tano.

Nilifika kwenye ua wa mkwe nikiwa na kiatu kimoja. Alikuwa anaifuta pikipiki yake ya umeme. Aliponiona akageukia ukuta, kama ilivyo adabu.

"Wewe pikipiki!" nikapiga kelele. "Mwambie mwenye wewe kwamba majani yake sikuyaelewa! Mwambie nilibonyeza tena! Mwambie Kresensia yuko njiani na Matroni anarudi saa moja na nusu!"

Mgongo wake ulikakamaa. Akakitupa kitambaa.

"Pikipiki," akasema, "mwambie mama apande."

Nikaiangalia ile pikipiki. Kiti kimoja kirefu. Mama mkwe nyuma ya mkwewe, kiuno kwa kiuno, mchana kweupe, mbele ya majirani! Marehemu mama yangu angefufuka anichape. Nikapanda. Nilimshika mabegani kwa ncha za vidole kama mtu anayeshika sufuria ya moto, mpaka tulipofika korongo la kwanza, pikipiki ikaruka, nikamkumbatia kiuno kwa nguvu zote na kumwita Bikira Maria sikioni mwake.

"Pikipiki! Mwambie asipunguze mwendo!"

"Mwambie mama simpunguzii!"

Tulipita kama tumefukuzwa. Mzee Lulandala alisimama shambani kwake mdomo wazi, na najua kabla hatujapotea machoni alishaanza kuwaza atakavyosimulia. Miiba ilinichana kitenge. Goti halikuuma hata kidogo. Lilijua si wakati wake. Na nitasema kweli, maana nikishasema nusu sina sababu ya kuficha nusu: katikati ya hofu ile nilisikia raha. Upepo, mwendo, jua linachomoza nyuma yetu, jekundu. Sikuwa nimeenda kasi vile tangu nilipokuwa msichana.

Saa moja na dakika ishirini na tano tulikuwa kileleni. Safari hii saa niliitoa mfukoni.

Chini yetu njia ya watu ilinyooka katikati ya nyasi kavu, na juu yake vitenge vya rangi zote, sitini, vinatembea. Nilimtambua Kresensia kwa jinsi alivyoshika kiuno. Upande wa mtoni matete yalikuwa yanatikisika, na upepo haukuwepo.

Tulipiga kelele. Sauti zikaliwa na bonde. Wao walikuwa wanaimba.

Gaudensi alichomeka muhuri. Sanduku likafunguka, likasema: "Saa ilikwisha kurekebishwa jana. Kwa marekebisho ya kosa, subirini dakika kumi na tano."

Dakika kumi na tano! Mamlaka iliweka subira hiyo ili mtu mwenye hasira au mwenye njama apate kufikiri upya. Mimi nilikuwa na dakika nne.

Kamera haina njia nyingine ila moja. Moyo wake hupiga kila dakika, Karani anausikia. Ukinyamaza, Karani huhesabu kwamba amepofuka upande ule, na nguzo zote za kipande hicho huimba mpaka kamera nyingine iletwe. Kila fundi anajua. Hakuna aliyewahi kujaribu, kwa sababu kuua kamera ni kosa kubwa kuliko yote tuliyofundishwa.

Niliokota jiwe. Mkwe akanyoosha mkono alichukue, macho yake chini. Sikumpa. Kidole kilichobonyeza kilikuwa changu.

Pigo la kwanza kioo kikapasuka. La pili kikaingia ndani. La tatu kitu kilitoa moshi na taa ndogo nyekundu ikazimika.

Tukasubiri ile dakika.

Sijui kama wewe msomaji umewahi kusubiri dakika moja. Unadhani umewahi. Matete yalifunguka, Matroni akatoka. Nyuma yake mtoto wake, nyuma yake wengine wanane. Alikwenda kwa ule mwendo wake wa mtu anayejua saa. Alikuwa hatua mia mbili kutoka njiani, kisha mia, na wimbo wa kina mama ukakatika. Wamemwona. Nikaona Kresensia anasukuma wasichana wawili nyuma yake, yeye mwenye tumbo lile, anasimama mbele na jembe. Jembe!

"Imba," nikaziambia nguzo. "Imbeni, imbeni, imbeni."

Zikaimba.

Mngurumo wa nyuki elfu kumi ukapanda kutoka bondeni, na harufu ya pilipili ikatufikia hata sisi. Matroni alisimama palepale, hatua hamsini. Akatandaza masikio, lile zima na lile lililochanika. Akapiga mlio mmoja, kundi lote likajikunja nyuma yake, akarudi nyuma taratibu mpaka kwenye kivuli cha matete, akasimama kungoja zamu yake.

Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Mkwe alikuwa amekaa chini, kichwa katikati ya magoti, analia kwa sauti. Chini kule jembe moja lilipunga hewani.

*

Nguzo iliyo karibu nasi ikazungumza, maana kamera ikifa, hapo tu Karani husikiliza maneno ya wenye mihuri.

"Kamera ya thelathini na moja imekufa," akasema Karani. "Wenye mihuri wako karibu. Sababu ni tembo, radi au mtu? Jibu liwe moja kwa wote wawili. Kwa dharura kamera ya jirani imetuma picha ya tembo jike mwenye sikio lililochanika. Ana madoa mawili. Napendekeza tembo."

Sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo.

Tembo akivunja kamera, anaandikiwa doa. Matroni aliwahi kuvunja mbili, ya thelathini na tatu na ya thelathini na nane, zote kwa kujikuna. Tembo mwenye madoa matatu huondolewa. Ni neno la adabu, kuondolewa. Maana yake ni gari la kijani na mtu mwenye bunduki.

Gaudensi alijifuta uso na mkono wa shati. Akageukia kisiki kilichokuwa kando yake.

"Kisiki, mwambie mama aseme tembo. Mama amebakiza miezi mitatu astaafu kwa heshima. Hakuna aliyeona. Kamera kumi na moja zilizobaki tutazirekebisha kimyakimya, mimi nitasema ni betri. Mwambie, kisiki, watu wamepona, inatosha."

Nisijifanye mtakatifu. Neno lilinijia mdomoni, nikaliramba, likawa tamu. Mwezi wa kumi na mbili ilipangwa muhuri wangu uwekwe kwenye fremu ya kioo na mkurugenzi mwenyewe, nami nilikwisha kuchagua ukuta wa kuutundika. Miaka tisa sikuwa na kosa hata moja. Na yule pale ni mnyama. Amekula mahindi yangu mara ngapi?

"Nangoja," akasema Karani.

Nikamtazama Matroni kwenye kivuli chake. Alikuwa anamrushia mtoto vumbi mgongoni. Shirikisho lilisogeza saa, mkwe akasogeza, mimi nikasogeza tena, na katika sisi wote yeye peke yake alifika alipotakiwa wakati aliotakiwa. Hesabu yote ya Karani ilisimama juu ya miguu yake minne.

Nikageuka, nikamtazama mkwe wangu usoni.

"Gaudensi," nikasema.

Aliruka kama aliyeungua, akajifunika uso kwa viganja.

"Ondoa mikono, baba. Kiunoni nimeshakukumbatia, kimebaki nini? Nitazame."

Akaondoa kidole kimoja kimoja. Miaka minne ya ndoa ya mwanangu, ndipo nikaona mkwe wangu ana macho ya rangi ya chai na mwanya kwenye meno ya mbele. Nilikuwa simjui kabisa.

"Mama," akasema, na hakumwambia kisiki, "kosa ni langu. Nilibonyeza bila kusema."

"Wewe ulisema. Ulisema kwa majani mara kumi na mbili. Msomaji ni mimi, na saa ilikuwa mfukoni mwangu. Ukisema tembo leo, kesho kutwa gari la kijani litakuja, na mimi nitakaa kwangu natazama fremu. Utaweza kuniamkia?"

Akamtazama Matroni. Kisha akatikisa kichwa.

"Siwezi, mama. Na wewe ungenichapa."

"Ningekuchapa."

Tukaigeukia nguzo, tukasema kwa pamoja: "Mtu."

 Nadhani hakuna aliyewahi kumpa Karani jibu hilo.

"Mtu gani?"

"Mimi," akasema Gaudensi.

"Mfungaji wa sanduku ni nani?" nikauliza kwa hasira. "Aliyesoma saa bila kulinganisha ni nani? Andika Leokadia Semvanda. Andika na jiwe. Tembo usimwandike chochote."

"Nimeandika," akasema Karani. "Tembo: madoa mawili. Gaudensi Chengula: onyo. Leokadia Semvanda: muhuri wake unakwisha leo jua likizama. Kabla ya hapo, kamera kumi na moja zirekebishwe, nyuso mbili mbele ya kioo kila kamera."

*

Kwa hiyo tulizirekebisha. Nyuso mbili mbele ya kioo maana yake mabega yanagusana, hakuna ujanja. Kwenye sanduku la kwanza tulisimama kama vijiti. Dakika kumi na tano za kusubiri, mkwe na mama mkwe, tunajitazama kwenye kioo cha kamera. Kwenye la pili akaniambia mtoto akizaliwa wa kike wanataka kumpa jina langu. Nikamwambia wasimtese mtoto. Kwenye la tano alikuwa ananisimulia baba yake alivyokwama siku nne mlimani na lori la mbao, nami nikacheka mpaka nikashika jiwe.

Kila sanduku nilitoa saa mfukoni. Nilisoma polepole, nikalinganisha, nikarudia.

Kresensia alitukuta njiani akitoka shambani, akasimama, akatuangalia tumekaa kwenye jabali moja tunakula mihogo ya sahani moja. 

"Mama?"

"Namdai mumeo kuku," nikamwambia. "Wa kufungua uso, ada ya kutazamana. Jogoo, siyo yale makoo yenu yaliyozeeka."

Tulimaliza kusubiri kwenye sanduku la arobaini jua linagusa vilima. Ushoroba wote ulikuwa wa rangi ya asali, na kutoka upande wa machweo nikasikia tawi linavunjika, kisha jingine. Matroni anateremka. Nikatazama saa: saa moja na dakika ishirini na nane. Kabla ya taarifa ya habari, kama kawaida yake.

Nikairudisha saa ya kamera nyuma, nikaisoma, nikailinganisha. Kwa mazoea Gaudensi akaondoka hatua thelathini na kunipa mgongo, na sikumwita, nilijua kwa nini. Nyuso zetu zilikwisha kupigwa picha. Kufunga ilikuwa kazi yangu, na alitaka nikae nayo peke yangu.

Nilichomeka muhuri wangu. Sanduku likajifunga, likaumeza, halikuurudisha.

Nikabaki nimesimama, kiganja kikiwa wazi, machozi yananitoka, na sikuona haya hata kidogo. Kisha nikaona juu ya kifuniko kijitawi kibichi cha mkwaju, kimelazwa vizuri, palepale kilipolazwa jana.

Safari hii sikukipangusa.